Pete, mikono, wavu, kikapu au soka: kipindi cha michezo uanze na upi kama shule yako iko huku kanda ya ziwa

Walimu wenzangu, hasa nyie mliokabidhiwa Sanaa na Michezo na mnajiuliza muanze na mchezo gani, naomba niipange hii michezo mitano bega kwa bega tuione vizuri. Sijaangalia upi mtamu maana hapo tutakesha, mtu wa timu ya Pamba atasema soka, madam wa pete atasema pete na hakuna atakaemshusha mwenzie. Nimeangalia kitu kimoja tu: ndani ya dakika 40 mtoto wa kawaida, yule ambae hayupo timu ya shule na hata siku ya kuchaguana huwa anabaki mwisho, atagusa mpira mara ngapi, na atarudi darasani mzima? Ukianza kuhesabu hivyo majibu yanabadilika kabisa na ule mchezo tunaoupenda wote unajikuta umeshuka.

Hesabu yenyewe ni hii hapa. Chukua darasa la watoto 80, wapo wenzetu wana zaidi. Soka la 11 kwa 11 wanacheza 22, wamekaa 58. Pete saba kwa saba wanacheza 14, mikono nayo hivyo hivyo 14, wavu sita kwa sita 12, kikapu watano kwa watano ni 10 tu. Yani ukifundisha jinsi kitabu cha sheria kinavyosema basi darasa zima ni mashabiki, na hapo bado hujatoa dakika za kutoka darasani, kuvua sweta, kugombania mpira na kunawa, zinazobaki za kucheza ni 25 na siku nyingine hazifiki. Kwahiyo mchezo wa kuchagua ni ule unaokubali kukatwa vipande vidogo vidogo vingi na bado ukabaki mchezo.

Tuanze na soka tulimalize maana ndio lenye kelele. Uzuri wake haupingiki, watoto wanakuja wanalijua tayari, wamecheza chandimu mitaani tangu hawajaanza shule, hata mpira ukikosekana wanafunga soksi na nailoni mambo yanaenda. Ila hapo hapo ndio tatizo lake kwenye kipindi, wanaolijua wanalijua sana na wasiolijua hawataligusa, unakuta madogo watano wa Mabatini wanapigiana chenga, mabinti wamesimama pembeni wanasukana, af ticha na filimbi yako unaitwa unafundisha michezo. Sheria zake ni 17 na nyingi hazina maana kwa la tatu au la nne, kuotea ndio kabisa usihangaike nayo, wafundishe mpira wa kurusha (miguu yote miwili chini, mikono yote miwili, mpira utokee nyuma ya kichwa upite juu), wafundishe faulo ni nini, goli kiki na kona, imetosha. Ukitaka soka lifanye kazi kipindini cheza wanne kwa wanne bila kipa, goli ni vijiti viwili umbali wa hatua mbili, viwanja vinne au vitano kwa wakati mmoja. Hapo kila mtoto anagusa mpira mpaka anachoka. Lakini mipira minne unayo? Hilo ndilo swali, na shule nyingi jibu linajulikana.

Usalama wa soka una mambo matatu ambayo siyaachii. La kwanza viatu, nusu ya darasa wapo peku na nusu wana raba na kuna mmoja kaazima njumu za kaka yake, hao usiwachanganye, wote peku au wote raba, njumu zisubiri mazoezi ya timu ambako watavaa na kinga za ugoko, ambazo kwenye sheria rasmi ni lazima, sio hiari. La pili, kuteleza kumpora mtu mpira ni marufuku kipindini, kwa ardhi yetu ya kokoto anaeteleza ndie anaeumia kwanza. La tatu ni magoli ya chuma yale ya kuhamisha. Yale yameshaua watoto nchi nyingi, mtoto ananing'inia kwenye mtambaapanya wa juu linamwangukia, kwahiyo kama halijachimbiwa au kufungwa chini lilaze kifudifudi mpaka lifungwe. Na vichwa? Uingereza tangu 2020 chama chao cha soka kilishaelekeza watoto wa umri wa shule ya msingi wasipige vichwa mazoezini, sasa sisi tunamhimiza mtoto wa miaka tisa apige kichwa mpira uliolowa maji ukawa mzito ili iweje, mi nasema muache.

Mpira wa pete nauweka juu ya soka kwa kitu kimoja kikubwa, kufundisha sheria. Hakuna mchezo unaomlazimisha mtoto kufikiri sheria kila sekunde kama pete. Kaushika, ana sekunde 3. Mlinzi lazima akae futi 3, kama sentimita 90, kutoka kwenye mguu wa mwenye mpira. Uwanja una theluthi 3 na mpira hauruhusiwi kuruka theluthi nzima bila kuguswa na mtu humo ndani. Af kila mchezaji ana herufi kifuani na herufi ndio inayomwambia aishie wapi, GK (mlinda goli) hana biashara mbele, GS (mfungaji) hana biashara nyuma, senta anazunguka kote isipokuwa ndani ya nusu duara za kufungia. Mtoto akikosea sio mpaka refa amkumbushe, wenzie wote wanapiga kelele "umetoka eneo!" Hiyo kelele ndio somo lenyewe, ukiisikia ujue wameelewa.

Sheria ngumu ya pete ni miguu. Akidaka hewani akatua na mguu mmoja, ule mguu akiunyanyua hauruhusiwi kurudi chini kabla mpira haujamtoka mkononi. Usiieleze kwa mdomo hii, utapoteza kipindi. Wapange mistari wawili wawili, mmoja anarusha mwingine anaruka, anadaka, anatua anaganda, hata bila mpira wanaweza, na hapo hapo unawafundisha kutua. Kutua ndio usalama mkubwa wa pete maana majeraha yake mengi sio ya kugongana, ni ya goti na kifundo cha mguu, mtu anakimbia anadaka anasimama ghafla mguu umenyooka. Tua magoti yamekunjwa, miguu yote miwili ukiweza, goti lielekee vidole vinakoelekea. Rudia hilo mpaka wakuchukie. Kucha fupi kabla ya kuingia, hereni na bangili kwenye kopo kwa kiranja, wanaovaa hijabu wacheze nayo kabisa, isiwe tu na pini, aifunge kwa kuichomeka.

Kasoro za pete ni mbili. Uwanja wake kamili ni mita 30.5 kwa 15.25 lakini pete zenyewe ni mbili tu, kwahiyo kipindini wengi wanacheza mbali na pete. Dawa ni kuugawa uwanja kwa theluthi zake, kila theluthi kikundi kinacheza pasi tano bila kuporwa inahesabiwa goli, af wanazunguka, zamu ya kwenda kufunga inafika. Kasoro ya pili ni wavulana. Huku kwetu ukimwambia mvulana wa la sita aje kwenye pete anakuangalia kama umemtukana. Na mashindano yetu ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yanazidi kuwaaminisha hivyo kwa sababu pete ni ya wasichana. Lakini kipindi sio mashindano na hamna sheria inayomkataza mvulana, duniani wanaume wanacheza. Ujanja ni kutoliita jina siku za kwanza, waambie ni "pasi tano", wakishanogewa ndio unasimamisha nguzo. Herufi za kifuani usinunue, mifuko ya sandarusi ya unga ikikatwa vizuri na kuandikwa kwa makapeni inakaa mwaka mzima. Nguzo ya chuma izungushie kipande cha godoro kuukuu, maana kuna mtoto lazima aingie nayo.

Sasa mpira wa mikono. Huu ndio ninaoupigia debe na najua wengi mtanishangaa kwa sababu shule nyingi hauchezwi kabisa mpaka wiki mbili kabla ya mashindano ndio unasikia "nani anajua kudaka". Kosa kubwa. Kwa kipindi cha kuchanganya wavulana na wasichana, waliopo kwenye timu na wasiopo, sijaona unaoushinda, na sababu ni nyepesi: kurusha na kudaka kila mtoto anakuja anajua. Wamecheza rede. Mtoto aliecheza rede anajua kulenga, anajua kukwepa, anajua kudaka ili aokoe wenzie, umebakiza kumwonyesha goli tu. Tena wasichana mara nyingi ndio wakali zaidi kwa sababu rede ni yao, af mvulana anaetamba kwenye soka anajikuta anaporwa mpira na binti wa dawati la mbele, hiyo heshima inaendelea mpaka kwenye hesabu.

Sheria zake za kuanzia ni chache na zinashikika. Hatua 3 ukiwa na mpira, sekunde 3 za kuushika, baada ya hapo toa pasi, piga au dunda. Mpira usiguswe na mguu chini ya goti isipokuwa kipa ndani ya eneo lake akiokoa. Na kuna lile eneo la mita 6 mbele ya goli ambalo ni la kipa peke yake, unaruhusiwa kuruka juu yake ukaachia mpira kabla hujatua, lakini sio kulikanyaga. Hilo eneo ndio ubunifu wa huu mchezo kwa upande wa shule, linawatoa watoto kwenye lile rundo la golini ambalo kwenye soka ndio linazaa viwiko na mateke. Kulichora ni rahisi, chukua kamba ya mita 6, mtoto mmoja ashike kwenye mlingoti wa goli mwingine azunguke nayo akimwaga majivu robo duara, rudieni mlingoti wa pili, unganisheni kwa mstari wa mita 3 katikati. Nasema majivu makusudi, muombe mpishi wa uji. Chokaa ikiingia machoni inaunguza na watoto wakianguka kwenye mstari wanajipangusa usoni na mikono hiyo hiyo.

Uwanja kamili ni mita 40 kwa 20 na goli ni mita 3 kwa 2, ila kipindini hauhitaji huo. Kiwanja cha mita 20 kwa 13 hivi, wanne na kipa kwa kila upande, goli ni vijiti, na wale 80 ukiwa na viwanja vinne vya namna hiyo wanaocheza ni 40 kwa mkupuo, nusu ya darasa, nusu nyingine wanakuwa waamuzi, wahesabu hatua na wa pembeni wanaopiga pasi ukutani. Hebu linganisha na wale 22 wa soka. Na mpira hauna haja ya kudunda vizuri, kwa sababu unaweza kufuta kudunda kabisa ukabaki na hatua tatu na pasi, kwahiyo hata kiwanja cha mchanga kule Kayenze au Igombe au kisiwani Ukerewe kinafaa, hata mpira wa soksi unafaa. Jaribu kikapu na mpira wa soksi uone.

Hatari zake zipo na ni za kweli, sio mchezo wa kubembelezana. Kwanza kipa. Mpira unapigwa karibu na kwa nguvu, usoni. Kwenye sheria rasmi mpigaji wa penati ya mita 7 akimpiga kipa kichwani, na kipa hakusogeza kichwa kuufuata mpira, anatolewa nje ya mchezo moja kwa moja. Kipindini kaza zaidi ya hapo, goli lililopita juu ya bega la kipa halihesabiwi, tena linageuka kuwa mpira wa timu ya kipa. Utashangaa wanavyojifunza kulenga chini. Pili ni mtu aliye hewani, anaeruka kupiga haguswi, hashikwi mkono wa kurusha, hasukumwi mgongoni, hilo halina onyo. Hapa ile adhabu ya kutoka dakika 2 inafanya kazi nzuri kuliko kelele zako, anakaa nje anawaona wenzie wanacheza pungufu kwa sababu yake. Mtaniambia kuna walimu wanawapigisha watoto pushapu au kuwazungusha uwanja kwa kukosea sheria, ndio wapo, na ndio maana watoto wanachukia kukimbia.

Wavu una mtihani wake. Ndio wenye usalama mkubwa kuliko yote mitano kwa sababu timu mbili hazigusani, kuna wavu katikati. Na ndio unaohitaji nafasi ndogo, mita 18 kwa 9, ukiupanga vizuri kwenye uwanja mmoja wa mikono unaingia mara nne ingawa utakuwa umebana pembeni. Sheria zake nazo ni safi, migusa 3, usiguse mara mbili mfululizo, usiguse wavu, ukipata sevu zungukeni kwa mwendo wa saa, seti ya pointi 25 na ya tano ni 15. Tatizo ni ufundi. Mtoto wa la nne hawezi kuupokea mpira kwa mikono iliyofungwa ukaenda anakotaka, sevu inapigwa, pwaa, chini, sevu nyingine, pwaa, chini. Watu 12 wamesimama wanaangalia mpira unaokota vumbi. Walimu wengi wanaishia hapo wanasema watoto hawauwezi.

Wanauweza ukiwashushia. Anza na daka na rusha: unaudaka, unaurusha kuvuka, migusa ni ile ile mitatu na kuzunguka ni kule kule, sheria zote zipo, ufundi tu ndio umerahisishwa. Wakizoea, mgusa wa kwanza daka, wa pili upige kwa vidole, na kadhalika mpaka kudaka kunaisha. Wavu rasmi ni mita 2.43 wanaume na 2.24 wanawake, kwa watoto shusha mpaka mtoto wa kati akinyoosha mkono aupite kidogo. Sasa hapa ndio sisi watu wa ziwa tuna bahati ambayo Dodoma hawana. Wavu wa dukani ni bei na una mita tisa na nusu tu. Nyavu za samaki zilizochoka zipo kila mwalo, na ni ndefu. Simamisha nguzo tatu kwa mstari mmoja mita 30, funga nyavu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kata viwanja vitano vya upana wa mita 6, wanne kwa wanne, ni watoto 40 kwa wakati mmoja na mwalimu anatembea pembeni ya mstari mmoja anawaona wote. Hamna mchezo mwingine utakaokupa usimamizi mwepesi hivyo.

Ila nyavu ya samaki ina masharti. Ifue, ikague kwa mkono wa mtu mzima kutoa ndoano na vyuma vya uzito vilivyosahaulika, na ukingo wa juu ushonee utepe wa kitenge au gunia jeupe kwa sababu ile nailoni nyembamba jua likiwaka haionekani, mtoto anaikimbilia na shingo. Isining'inie mpaka chini, na kengele ikilia ishushwe kabisa. Maboya nayo chukueni, ni koni za bure.

Kikapu nitakipitia haraka. Mchezo mzuri, Hasheem Thabeet alitoka hapa hapa Tanzania akachaguliwa wa pili kwenye usajili wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, watoto wanapenda. Lakini unataka sakafu ngumu. Bila sakafu mpira haudundi, na kudunda ndio nusu ya mchezo. Kama shule yako ina sakafu, tumia kikapu kimoja watatu kwa watatu, nusu uwanja, na pete ya mita 3.05 ni ndefu kwa watoto, ya mita 2.60 ndio saizi yao, mpira namba 5. Kama huna, usiharibu hela kuchomelea pete kwenye nguzo katikati ya vumbi, hela hiyo ni mipira ya mikono kadhaa. Sakafu nayo inachubua magoti balaa, na vidole vinateguka kwa mtoto anaenyoosha vidole kuelekea mpira badala ya kufungua kiganja. Imetosha.

Kuna hatari ambazo hazijali umechagua mchezo gani na huku kwetu zina sura yake, ngoja nizitaje maana ndizo zinazobadilisha uchaguzi kuliko sheria za vitabuni.

Mawe. Sio kila shule ya Nyamagana na Ilemela hapa Mwanza ina tambarare, nyingine zimepakatwa na majabali, na uwanja una mteremko na jiwe limechomoza katikati kama nundu. Hapo soka na mikono vikae pembeni, wavu unafaa kwa sababu unachagua kipande kimoja kizuri. Kabla ya kipindi watoto wasimame mstari mmoja watembee uwanja mzima wakiokota chupa, misumari na kokoto, ni dakika mbili na ndio kupasha misuli.

Ziwa lenyewe. Shule za ufukweni zina mchanga mtamu wa wavu na mikono, unaanguka hauumii. Lakini mpira ukiingia majini watafuata watoto kumi, na mkimaliza wanataka kujitosa. Kichocho kinaingilia kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu ukiwa majini, hakisubiri uogelee, na mwambao wote wa ziwa letu kipo, konokono wake wapo kwenye majani ya ufukweni pale pale watoto wanaponawia. Halafu kuna kuzama, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Geuza uwanja urefu wake ulale sambamba na maji, weka mstari ambao hauvukwi hata kama mpira unaelea, na maji ya kunawa yatoke bombani au kwenye ndoo.

Radi nayo, bonde la Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Ukiona mwanga wa radi hesabu, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30 kipindi kimeisha, wote darasani, sio chini ya mwembe, na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Nimeshasikia walimu wanasema "mvua bado iko kisiwani, malizieni". Radi haisubiri mvua ivuke.

Watoto wenye selimundu wapo wengi huku kanda ya ziwa, na pumu, na kifafa. Waulize wazazi siku ya kikao, andika kwenye daftari lako. Mwenye selimundu anaweza kucheza ila anywe maji kabla na katikati, apumzike anapotaka yeye sio unapotaka wewe, asikae kwenye baridi akiwa amelowa. Wavu na daka na rusha vinamfaa kuliko soka la kukimbizana kwa sababu mapumziko yamo ndani ya mchezo.

Na akiumia? Kifundo kikitenguka, utasikia "leta maji ya moto tumchue". Hapana. Siku mbili za mwanzo ni baridi, barafu kwenye kitambaa dakika 15 mpaka 20, mguu juu, bandeji isiyobana sana, na barafu huku hatuna kisingizio, wauza samaki wanayo. Akishindwa kabisa kukanyaga, hospitali. Damu ya pua ainame mbele abane pua dakika 10 bila kuachia, sio kumwangaliza juu. Akigongwa kichwa akawa anaona kizunguzungu, anatapika, au anauliza swali lile lile, amemaliza kucheza siku hiyo hata akisema yuko freshi, na mzazi aambiwe.

Kwahiyo uchague upi? Kama una uwanja wa vumbi au mchanga, mipira michache, darasa kubwa la mchanganyiko, chukua mikono muhula wa kwanza, pete muhula wa pili. Mpangilio huo nina sababu nao, zile hatua 3 na sekunde 3 za mikono zinawaandaa kwa miguu na sekunde za pete, ukianza na pete kwanza wanaona mikono ni vurugu. Kama uwanja wako ni kipande kidogo kati ya majabali, wavu, usihangaike. Una wasichana wengi la sita na la saba na mwalimu mwenye moyo wa kupuliza filimbi, nenda na pete kwanza kabla ya vyote. Una sakafu, kikapu cha watatu watatu. Soka liweke mwisho wa mwezi kama zawadi, wanne kwa wanne, halitawakimbia na jioni watalicheza tu hata usipokuwepo. Mwenzangu mmoja anabisha anasema soka ndio linawaleta watoto shule Ijumaa, sawa, basi liweke Ijumaa.

Kupima usimpime mtoto kwa magoli, wenye vipaji watajaza daftari lako na wengine sifuri. Mpe filimbi. Dakika tatu kila mmoja awe refa wa kiwanja kimoja, wewe unaangalia kama kaona hatua ya nne, kama kamtoa aliesukuma hata kama ni rafiki yake, kama kaangalia kwanza aliyeanguka kabla ya kuangalia mpira. Watoto wale wale wasioweza kufunga hata goli moja utakuta ndio marefa wazuri.

Na ukipewa hela ya mpira mmoja tu, hili watu hawaliangalii: mpira wa pete namba 5 una mzunguko wa sentimita 69 mpaka 71, wa soka namba 5 ni 68 mpaka 70, uzito nao unakaribiana, yani kwa ukubwa ni kitu kile kile. Kwa hawa wa la tatu mpaka la tano nunua namba 4, mikono yao inaushika, utacheza pasi tano, pete, daka na rusha ya wavu na hata soka la wanne. Chukua wa mpira wenye vipele vya kushikia, sio wa ngozi laini, maana wa ngozi ukilowa unateleza. Ila huo wa vipele ukipigwa mateke kila siku vipele vinaisha upesi, kwahiyo ufungie ofisini jioni na waachie wa soksi.